Aliyekufa kwa Moyo Hafi kwa Saratani

Mwaka 1966 Charles Huggins, daktari wa upasuaji wa Chuo Kikuu cha Chicago, alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Peyton Rous. Kazi iliyompatia heshima hiyo ilikuwa imetimiza miaka 25. Mwaka 1941 yeye na Clarence Hodges walionyesha kwamba saratani ya tezi dume hustawi kwa homoni za kiume, na kwamba mgonjwa akiondolewa homoni hizo, kwa kuhasiwa au kwa kupewa homoni ya kike, ugonjwa hurudi nyuma na maumivu ya mifupa hupungua. Vidonge vya dietilistilbestroli, estrojeni inayotengenezwa maabara, vikawa dawa ya kawaida ya wazee wenye saratani hiyo.  

Mwaka mmoja baada ya tuzo ya Huggins, watafiti wa hospitali za maveterani wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio walilolianza mwaka 1960. Wagonjwa walikuwa wamepangiwa tiba kwa kura. Miongoni mwa waliomeza miligramu 5 za dietilistilbestroli kila siku, vifo vya saratani vilipungua na vifo vya moyo na mishipa ya damu vikaongezeka. Ukivijumlisha vyote, faida haikuonekana.

Wakafanya jaribio la pili, wakiuliza kama dozi ndogo ingeweza kuizuia saratani bila kuugusa moyo. Orodha ya wagonjwa wa jaribio hilo imekuwa mali ya walimu wa takwimu dunia nzima. Ile inayotumika zaidi madarasani ina wanaume 502 ambao saratani yao ilikuwa imekwisha kutoka nje ya tezi: 127 walipewa kidonge kisicho na dawa, 124 miligramu 0.2, 126 miligramu 1, na 125 miligramu 5. Umri wa kati ulikuwa miaka 73. Mpaka ufuatiliaji unafungwa, 354 walikuwa wamefariki. Saratani ya tezi dume iliwachukua 130. Moyo na mishipa yake iliwachukua 96, kiharusi 31, na bonge la damu lililokwama mapafuni 14, jumla 141. Waliosalia walikufa kwa saratani nyingine, kwa maradhi ya kifua na mengineyo, na 14 kati yao sababu yao haikutajwa au haikujulikana. Basi katika utafiti wa saratani ya tezi dume, muuaji mkuu hakuwa saratani ya tezi dume.

Hapa ndipo ugumu unapoanzia. Tukisema dawa imepunguza vifo vya saratani, tumesema nini hasa? Huenda dawa imeizuia saratani. Huenda pia imewaua wagonjwa kwa njia nyingine kabla saratani haijapata nafasi. Kwa mtu anayehesabu vyeti vya vifo vilivyoandikwa “saratani” peke yake, hali hizo mbili hazina tofauti: zote zinamletea vyeti vichache.

Watakwimu huziita sababu za namna hii hatari shindani. Kila mtu anazo kadhaa zinazomwandama kwa wakati mmoja, na ile inayofika kwanza huzifungia njia nyingine zote. Kulinganisha makundi mawili ya watu walio katika hali hiyo kuna mitego ambayo hata majarida makubwa ya tiba yamenaswa nayo, na mtego wa kwanza umejificha katika mchoro unaopendwa kuliko yote.

Mchoro huo ni wa Kaplan na Meier. Edward Kaplan alikuwa katika maabara za Bell, akishughulika na muda wa kudumu wa valvu za kukuza sauti katika kebo za simu zilizolazwa chini ya bahari. Paul Meier alishughulika na wagonjwa. Kila mmoja aliandika makala yake peke yake, wakatakiwa waziunganishe, na ile iliyotoka mwaka 1958 imekuwa miongoni mwa makala zinazotajwa zaidi katika historia nzima ya takwimu. Wazo lake ni la ukarimu. Mgonjwa ambaye ufuatiliaji wake umekatizwa, kwa sababu amehama au utafiti umefika mwisho, hatupwi. Anahesabiwa miongoni mwa walio hatarini mpaka siku alipoonekana mara ya mwisho, kisha anatolewa kwenye hesabu. Lakini ukarimu huo una sharti lake: aliyetoka awe anafanana na waliobaki, na lile linalosubiriwa liweze bado kumpata huko aliko. Mzee aliyehamia Florida anaweza kufa kwa saratani huko Florida. Mzee aliyezikwa kwa ugonjwa wa moyo hawezi.

Hata hivyo mtafiti anayetaka kuchora vifo vya saratani peke yake hushawishika kumchukulia marehemu wa moyo kana kwamba naye amehama tu. Kompyuta haitamzuia. Tuone kinachotokea kwa mfano wa kubuni wenye namba nyepesi.

Wagonjwa 100 wanafuatiliwa kwa miaka miwili. Mwaka wa kwanza 20 wanakufa kwa saratani na 40 kwa moyo. Wanabaki 40. Mwaka wa pili, kati ya hao 40, 20 wanakufa kwa saratani na 10 kwa moyo. Mwisho wa yote: 40 wamekwenda kwa saratani, 50 kwa moyo, 10 wako hai. Hakuna utata wowote, mtoto wa darasa la tatu anaweza kuhakiki.

Sasa mpe mtu wa Kaplan-Meier kazi hiyo, ahesabu saratani huku marehemu wa moyo wakichukuliwa kama waliokatizwa. Mwaka wa kwanza asilimia 80 wameikwepa saratani. Mwaka wa pili, nusu ya waliobaki wameikwepa. Zidisha: 0.8 mara 0.5 ni 0.4. Kwa hiyo, atasema, asilimia 60 wamekufa kwa saratani. Kisha mgeuzie kazi, ahesabu moyo huku marehemu wa saratani wakichukuliwa kama waliokatizwa: 0.6 mara 0.75 ni 0.45, kwa hiyo asilimia 55 wamekufa kwa moyo. Jumlisha 60 na 55. Katika wagonjwa 100, tumezika 115.

Hesabu hiyo haikukosewa mahali popote. Imejibu swali jingine: ingekuwaje kama moyo usingekuwa unaua, na saratani ikaendelea kwa mwendo uleule? Hiyo ni dunia ya kufikirika, na asilimia 60 ni raia wake. Mwaka 1993 Margaret Pepe na Motomi Mori, wakitumia mifano ya wagonjwa waliopandikizwa uboho, waliandika makala ya kuwatahadharisha watafiti juu ya jambo hili hasa. Katika upandikizaji wa uboho mgonjwa anaweza kurudiwa na saratani ya damu, au anaweza kufa kwa madhara ya upandikizaji wenyewe kabla haijarudi. Daktari anayemweleza mgonjwa wake uwezekano wa kurudiwa hana haki ya kumsomea namba za dunia ambamo upandikizaji hauui mtu.

Dawa ya kosa hilo ilikuwapo tangu mwaka 1978, katika kazi ya Odd Aalen wa Norway na Søren Johansen wa Denmark, na kanuni yake haina ugumu. Uwezekano wa kufa kwa saratani mwaka wa pili ni uwezekano wa kuwa bado hai mwaka wa pili unapoanza, bila kujali ungekuwa umekufa kwa nini, mara uwezekano wa saratani kukuchukua mwaka huo. Jumlisha mwaka kwa mwaka, au siku kwa siku kama takwimu zako ni za siku, na utapata uwezekano limbikizi wa kila sababu. Katika mfano wetu saratani itapata asilimia 40, moyo asilimia 50, na hesabu itafunga. Nitauita fungu, kwa kuwa ndivyo ulivyo: kila sababu na fungu lake, na mafungu yote pamoja na walio hai hayazidi wala hayapungui 100.

Hapo tumechora kundi moja tu, na kazi ya majaribio ya tiba ni kulinganisha makundi. Hapa pana jambo ambalo, kwa maoni yangu, vitabu vingi vya takwimu hulipita haraka mno.

Fikiria miembe miwili ambayo popo huila kwa ulafi uleule usiku baada ya usiku. Mmoja uko mahali penye upepo mkali, na upepo unaangusha maembe kabla hayajaiva. Mwisho wa msimu, mwembe wa penye upepo utakuwa umepoteza maembe machache kwa popo. Mwenye shamba akihesabu maembe yaliyoliwa atadhani popo wameuchukia mti ule.

Turudi kwenye namba. Kundi la kwanza lina watu 100, na kila mwaka saratani inachukua asilimia 20 ya walio hai, na hakuna kingine kinachoua. Mwaka wa kwanza wanakufa 20, wa pili 16 kati ya 80. Jumla 36. Kundi la pili lina watu 100 pia, na saratani inachukua asilimia 20 ileile ya walio hai kila mwaka, lakini moyo nao unachukua asilimia 40. Mwaka wa kwanza wanakufa 20 kwa saratani na 40 kwa moyo. Wanaanza mwaka wa pili wakiwa 40, na saratani inachukua 8. Jumla ya vifo vya saratani ni 28. Je, makundi haya yanatofautiana kwa saratani?

Ukitazama kasi, yaani saratani inawachukua wangapi kati ya walio hai kwa kila kipindi, hayatofautiani hata kidogo: asilimia 20 hapa, asilimia 20 pale. Ukitazama fungu, yanatofautiana: 36 dhidi ya 28. Majibu yote mawili ni ya kweli. Yanajibu maswali mawili, na kila swali lina kipimo chake cha takwimu.

Kipimo cha kasi ndicho cha zamani. Nathan Mantel alikitoa mwaka 1966, Richard na Julian Peto wakakipa jina la logiranki mwaka 1972, na mwaka huohuo David Cox akachapisha modeli yake inayofanya kazi hiyohiyo huku ikizingatia umri, hatua ya ugonjwa na mengine. Vyote viwili hupita siku kwa siku, na kila siku penye kifo huuliza: katika walio hai asubuhi hii, kundi lipi limetoa marehemu zaidi ya ilivyotarajiwa? Mwaka 1978 Ross Prentice na wenzake walionyesha kwamba katika hatari shindani unaweza kutumia vipimo hivi bila kuvibadili. Marehemu wa moyo anatolewa miongoni mwa walio hatarini siku anapokufa, na kinacholinganishwa ni kasi ya saratani kati ya walio hai.

Wengi hujikwaa hapa, na siwalaumu. Kumchukulia marehemu wa moyo kama aliyekatizwa ni kosa ukitaka kuchora fungu, na ni halali ukitaka kulinganisha kasi. Kitendo ni kilekile, programu ya kompyuta ni ileile, na mara nyingi huchapishwa katika mchoro mmoja: mistari ya Kaplan-Meier isiyofaa, na pembeni thamani ya p ya logiranki inayofaa kwa swali ambalo mistari ile hailijibu.

Kipimo cha fungu kilichelewa. Robert Gray, mtakwimu wa Boston, alikichapisha mwaka 1988, na baadaye akakiweka katika programu ya R ndani ya kifurushi kinachoitwa cmprsk, ambacho mtu yeyote anaweza kukipakua bure. Miaka 11 baada ya makala ya Gray, mwaka 1999, yeye na Jason Fine walitoa modeli inayofanya kwa fungu kile ambacho modeli ya Cox hufanya kwa kasi.

Ujanja wao unashangaza unapousikia mara ya kwanza. Marehemu wa moyo hawaondolewi miongoni mwa walio hatarini. Wanabaki humo, siku zote, wakihesabiwa kama watu ambao saratani haijawapata, na kwa kweli haitawapata kamwe. Irudie mifano yetu. Katika kundi la pili, mwanzoni mwa mwaka wa pili, Fine na Gray hawahesabu watu 40 walio hai. Wanahesabu 80, yaani 40 walio hai na 40 waliokwisha kuzikwa kwa moyo. Saratani ikichukua 8, hiyo ni asilimia 10. Katika kundi la kwanza ni 16 kati ya 80, asilimia 20. Kasi ya mwaka wa pili, iliyokuwa sawa, sasa imekuwa nusu.

Namba ya namna hiyo ndiyo ninayoiogopa. Inatoka kwenye kompyuta ikiwa na sura ileile ya uwiano wa hatari tuliouzoea kwa Cox, inaandikwa katika jedwali lilelile, na msomaji anaisoma vilevile: dawa imepunguza hatari ya saratani. Katika mfano wetu, kama kundi la pili ndilo lililopewa dawa, dawa haikuigusa saratani. Iliua watu kwa moyo. Ukweli wa namba ya Fine na Gray ni kwamba inakuambia fungu litaelekea wapi, juu au chini, na kwa kazi hiyo ni chombo kizuri. Haikuambii kwa nini. Mtu anayeitumia kueleza jinsi dawa inavyofanya kazi mwilini anaitaka itoe jibu isilokuwa nalo.

Basi kipi kitumike? Ushauri unaorudiwa katika vitabu ni kwamba anayetafuta chanzo cha ugonjwa au utendaji wa dawa atumie kasi, na anayepanga huduma au anayemwambia mgonjwa yaliyo mbele yake atumie fungu. Ni ushauri mzuri, ila unawaachia watafiti mwanya wa kuchagua kimoja, na mtu akiachiwa achague huchagua kile kilichompa thamani ndogo ya p. Mimi ningedai vyote viwili, tena kwa kila sababu ya kifo, hata zile zisizomhusu mtafiti. Jedwali la saratani bila jedwali la moyo halisomeki. Na lile la vifo vyote kwa pamoja lisikosekane, ingawa nalo lina siri zake.

Wazee wa hospitali za maveterani wanaonyesha vizuri. Katika jaribio la pili miligramu 0.2 haikuonekana kutofautiana na kidonge kisicho na dawa, na miligramu 1 iliizuia saratani karibu sawa na miligramu 5. Kwa hiyo wachambuzi wengi huunganisha makundi mawili mawili: dozi hafifu upande mmoja, dozi kali upande wa pili. Ukilinganisha kasi, dozi kali zinapunguza kasi ya saratani, na zinaongeza kasi ya vifo vya moyo na mishipa. Hapa si mchezo wa upepo na maembe. Dawa kweli inapigana na saratani, na kweli inaumiza moyo. Ukilinganisha vifo vyote, pande mbili zinakaribiana, na msomaji mvivu atasema dawa haina athari. Ina athari mbili kubwa zinazofutana.

David Byar na Sylvan Green hawakuishia hapo. Katika uchambuzi waliouchapisha mwaka 1980 walitafuta nani anafaidika na nani anaumia. Mgonjwa wa umri mdogo kidogo mwenye uvimbe mkali alikuwa na mengi ya kupata, kwani saratani ndiyo ingemfikia kwanza. Mzee wa zaidi ya miaka 75, au aliyekwisha kuugua moyo, mwenye uvimbe mpole, alikuwa akimeza kidonge cha kumkinga na muuaji wa mbali kwa kumsogeza karibu na muuaji wa jirani. Kwa maoni yangu huo ndio uchambuzi uliowasaidia wagonjwa kuliko kipimo chochote kilichotoa thamani moja ya p.

Linabaki swali ambalo wagonjwa huliuliza kwa lugha yao na wachumi wa afya kwa lugha yao: tungepata faida gani kama tungeiondoa kabisa sababu moja? Swali hili ni la kale. Tarehe 30 Aprili 1760 Daniel Bernoulli alisoma mbele ya Chuo cha Sayansi cha Paris makala juu ya ndui. Mjadala wa wakati ule ulikuwa kama watu wapandikizwe usaha wa ndui kwa makusudi ili wapate kinga, jambo ambalo liliua wachache. Bernoulli alichukua jedwali la vifo ambalo Edmond Halley, yule wa nyota yenye mkia, alilitoa mwaka 1693 kutokana na kumbukumbu za mji wa Breslau. Akakisia kwamba kila mwaka ndui inampata mmoja kati ya wanane ambao hawajawahi kuugua, na kwamba inaua mmoja kati ya wanane wanaougua. Akaiondoa ndui katika jedwali, akaacha mengine yaendelee kama kawaida. Wastani wa maisha ukapanda kutoka miaka 26 na miezi 7 hadi miaka 29 na miezi 9.

Jean d'Alembert alimkosoa mwaka huohuo. Lililomsumbua zaidi ni kwamba wastani wa miaka mitatu inayoongezwa mwishoni mwa maisha hauwezi kuwekwa mizani moja na hatari ya kufa wiki hii. Lakini chini ya hesabu ya Bernoulli kulikuwa na dhana nyingine nzito: kwamba mtoto aliyeokolewa na ndui atakabiliana na homa, kuhara na kifua kikuu sawasawa na mtoto ambaye ndui haikumgusa. Huenda ndui iliwachagua walio dhaifu, ambao wangekufa hivi karibuni kwa jambo jingine. Kama ni hivyo, faida ni ndogo kuliko miaka mitatu.

Ilichukua zaidi ya miaka 200 kuthibitisha jinsi tatizo hilo lilivyo sugu. Mwaka 1975 Anastasios Tsiatis alionyesha kihisabati kwamba ukijua tu kila mtu alikufa lini na kwa nini, huwezi kubainisha kama sababu za vifo zinategemeana au la. Takwimu zilezile zinaafikiana na dunia ambamo saratani na moyo havijuani, na dunia ambamo vinawafuata watu walewale. Kuongeza wagonjwa hakusaidii, hata wawe milioni. Ndiyo maana ile asilimia 60 ya mtu wa Kaplan-Meier ina udhaifu mwingine juu ya ule wa kwanza: hata kwa dunia ya kufikirika inayoielezea, ni sahihi tu kama sababu hizo hazitegemeani, na hakuna awezaye kulihakikisha hilo kwa kutazama vifo peke yake.

Kwetu Afrika Mashariki hatari shindani hazikuingia kwa mlango wa tezi dume. Ziliingia na kliniki za VVU. Programu kubwa za dawa za kupunguza makali ya virusi zilipopanuka katika miaka ya 2000, wasimamizi walitaka kulinganisha vifo kati ya kliniki na kliniki, wanaume na wanawake, walioanza dawa mapema na waliochelewa. Lakini mgonjwa wa kliniki hana njia moja tu ya kutoka kwenye daftari. Anaweza kufa na kifo chake kikaandikwa. Anaweza kuhamishiwa kliniki nyingine kwa barua. Anaweza kuacha tu kuja. Hawa wa mwisho ni wengi, na mtu akiwachukulia kama waliokatizwa kwa kawaida anadai kwamba wanafanana na wanaoendelea kuja. Huko Mbarara, Uganda, Elvin Geng na wenzake walituma watu wawatafute baadhi ya waliopotea, na Eldoret, Kenya, programu ya AMPATH ilifanya kazi ya namna hiyo. Walikuta mchanganyiko: wengine walikuwa wanatibiwa kwingine bila taarifa, wengine walikuwa wazima wameacha dawa, na wengi walikuwa wamekufa.

Maana yake kwa kulinganisha makundi ni ileile ya moyo na saratani. Kliniki inayopoteza wagonjwa wake kwa wingi itaonyesha fungu dogo la vifo, kwa kuwa wagonjwa wameondoka kwenye daftari kabla kifo hakijaandikwa humo. Tofauti ni kwamba marehemu wa moyo hawezi tena kufa kwa saratani, ilhali aliyepotea kliniki anaweza kufa, na mara nyingi amekwisha kufa. Kwa hiyo hapa kipimo cha Gray peke yake hakitoshi. Inabidi mtu apande pikipiki akaulize, angalau kwa sampuli ya waliopotea, kisha majibu yale yapewe uzito katika hesabu ya wote.

Na hata huko nyumbani kwa marehemu, anayeuliza atataka kujua pia alikufa kwa nini. Vipimo vyote vya sura hii vinachukulia kwamba sababu ya kifo inajulikana. Nchini Tanzania katika miaka ya 1990, mradi uliofuatilia vifo vya watu wazima Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini ulitegemea mahojiano na ndugu: alianza kuumwa lini, alikohoa, alivimba miguu, alikojoa kwa shida? Madaktari walisoma majibu na kuamua sababu. Njia hiyo imekuwa ya msaada mkubwa mahali ambapo watu wengi hufia nyumbani. Lakini mzee aliyekufa kwa saratani ya tezi dume bila kupimwa kamwe anaweza kuandikwa uzee, au maumivu ya mgongo, au sababu haijulikani. Ukilinganisha wilaya yenye hospitali ya rufaa na wilaya isiyo nayo, “haijulikani” itakuwa nyingi upande mmoja. Kipimo cha Gray kitaiona kama sababu mojawapo ya kufa, kitaipa fungu lake, na kitalipunguza fungu la saratani palepale ambapo hakukuwa na mtu wa kuitambua.